Kibao Mlangoni kwa Rukiyabai

"Nani aliweka kibao hiki mlangoni kwako?"

Ndivyo nilivyomuuliza Bi Rukiyabai mwaka sitini na tisa. Nilikuwa darasa la pili, mkono mmoja nimeshika upindo wa kanga ya mama, mwingine nimeshika kandambili zangu. Yeye alikuwa nyuma ya kaunta anapima chumvi. Hakuniangalia hata kidogo. Alisema, "Mwambie mama yako afanye haraka, basi la Nanyamba limeshawasha injini."

Maswali yangu mengi ya utoto nimeyasahau. Hilo sikulisahau, labda kwa sababu yeye ndiye mtu mzima wa kwanza kuniacha na swali mkononi bila hata kunikemea.

Bi Rukiyabai alizaliwa Mikindani, baba yake akiuza vitambaa. Aliolewa na Bwana Fakhruddin, wakahamia Mtwara wakati bandari inajengwa, wakafungua duka. Bwana Fakhruddin alifariki mwaka sitini na sita, hawakujaliwa mtoto, na duka likabaki kwake. Ni mama mfupi, gauni refu, mtandio mweupe, miwani iliyofungwa kwa uzi. Kiswahili chake ni laini kuliko chetu. Sisi wazazi wetu wametoka ng'ambo ya Ruvuma na nyumbani, mtaa wa Chuno, tunaongea Kimakonde, basi nikikosea neno dukani kwake ananirekebisha kwanza, ndipo ananiuzia.

Duka lile liko kwenye kona. Mbele ni barabara, nyuma ni stendi ya mabasi. Zamani pembeni ya ukuta wake palikuwa na uchochoro, na abiria wote wa Chuno na wa upande wa sokoni walipita hapo kwenda stendi. Ukipita lazima umuone, na ukimuona utakumbuka kiberiti, au sabuni, au betri ya redio. Mama alikuwa anapeleka samaki wa ng'onda Nanyamba kila Jumamosi, na kila Jumamosi alisimama hapo kununua chumvi.

Halafu stendi ikaanza kujengwa upya. Tuliambiwa kutakuwa na banda la abiria la bati, chumba cha tiketi na sehemu ya kila basi. Watoto tulifurahi, tukawa tunakwenda kuangalia mafundi wakisimamisha uzio. Nguzo zake zilikuwa vipande vya reli, ile ya treni iliyong'olewa. Siku moja tukakuta nguzo tatu zimesimama katikati ya uchochoro na seng'enge imeshafungwa. Hapapitiki.

Kwenye kona wakaweka kibao. Kilikuwa cha mbao nene, kina miguu miwili ya chuma, na kila mguu umekitwa kwenye ndoo ya saruji. Kimeandikwa ABIRIA PITENI HUKU, chini yake mshale. Mshale ulikuonyesha uende mpaka kwenye maghala ya korosho, uzunguke nyuma yake kwenye mchanga, upite karakana, ndipo uingie stendi kwa upande wa pili. Nilihesabu hatua, nilipofika mia tisa nikachoka, na bado hatujafika. Mama alikuwa na tenga kichwani. Basi la Nanyamba ni moja kwa siku, linaondoka saa mbili. Jumamosi ile ya kwanza tulilikosa, tukaona vumbi tu. Ng'onda tukarudi nazo nyumbani, tukazila sisi wiki nzima.

Katikati ya wiki mama alinichukua tukaenda kununua mafuta ya taa. Dukani hapakuwa na mtu. Bi Rukiyabai alikuwa amekaa kwenye stuli anaangalia barabara.

"Leo umekuja wewe," akamwambia mama. "Jana alikuja mbuzi."

Mama akacheka. Yeye hakucheka. Akasema shemeji yake, Bwana Zainulabedin, amemwandikia barua kutoka Dar es Salaam. Amesikia duka limedorora tangu ujenzi uanze, kwa hiyo kama mpaka Idi hali haijabadilika, alifunge na ahamie kwao.

"Si vizuri?" mama akauliza. "Utakuwa na ndugu."

"Nyumba kubwa, Isabel. Chumba kipo. Lakini jiko ni la mke wake." Akaanza kumimina mafuta ya taa kwenye chupa yetu. "Miaka ishirini nauza chumvi. Sasa niende nikaombe chumvi kwa mtu?"

Mama alisema tu, "Mungu atafungua njia," kama watu wanavyosema wakikosa la kusema.

Jumamosi iliyofuata tuliondoka nyumbani mapema, mama akiwa ameshajikaza kwa ule mzunguko. Tulipofika kwenye kona, kibao hakipo. Kilikuwa mlangoni kwa Bi Rukiyabai, kimesimama imara na ndoo zake mbili za saruji, na mshale unaonyesha ndani ya duka.

Mama hajui kusoma. Akanigeukia. "Kinasemaje?"

Nikasoma kwa sauti kubwa, maana nilikuwa na maringo ya darasa la pili: "Abiria piteni huku."

"Huku wapi? Dukani kwa mtu?" Akachungulia ndani. Bi Rukiyabai alikuwa nyuma ya kaunta. "Dada, eti ndio huku?"

"Mtoto amesomaje?"

"Amesoma abiria wapite huku."

"Basi amesoma vizuri," akasema Bi Rukiyabai, akainua ule ubao wa kaunta unaofunguka.

Tukapita. Nyuma ya duka kulikuwa na ukumbi mrefu wenye saa ya ukutani na kiti cha marehemu. Halafu tukaingia jikoni, kuna karai la mafuta motoni na vitunguu vimekatwa. Hapo ndipo mama alipozinduka. Alisimama na tenga lake la ng'onda kichwani, akaziba mdomo.

"Mama yangu! Tumeingia nyumbani kwa mtu bila hodi!" Kisha akapaza sauti, akiwa katikati kabisa ya jiko: "Hodiii!"

"Karibuni!" ikajibu sauti kutoka dukani. "Vueni viatu!"

Tukavua. Tukapita uani chini ya kamba ya nguo, tukatoka kwa kimlango cha nyuma ambacho zamani Bwana Fakhruddin alipokelea mizigo. Mbele yetu, hatua kumi tu, basi la Nanyamba. Dereva alikuwa bado anakunywa chai.

Tuliporudi jioni tulipita humo humo, maana kila mtu alikuwa anapita humo. Ndipo nilipouliza lile swali, nikajibiwa habari ya basi ambalo lilikuwa limeshatushusha. Mama alinifinya.

Baada ya wiki mbili nyumba ile ilikuwa barabara. Ilipita mikungu ya ndizi, mikeka, mabibi harusi, wagonjwa wanaorudi makwao. Sheria zilikuwa mbili, hodi na viatu. Kwa hiyo abiria wa upande wetu walijulikana kwa kutokea stendi wameshika viatu mkononi, na utingo mmoja wa basi la Newala hakuchoka kuwatania: "Wa Rukiyabai hao! Vaeni viatu, jamani, hapa si msikitini!" Siku moja jogoo wa mtu alikatika kamba akapanda juu ya ile saa ya ukutani. Watu wanne walimfukuza, na Bi Rukiyabai akiwa kaunta anauliza tu, "Saa nzima? Saa iko nzima?" Chumvi ilinunuliwa, sabuni ilinunuliwa, na ukumbini akaweka meza ya bajia.

Msimamizi wa ujenzi alichelewa kugundua kwa sababu alikuwa anaingia kwa gari upande wa pili. Alipogundua alikuja mwenyewe, asubuhi, watu wamejaa barazani. Alimleta Raimundo. Raimundo ni jirani yetu Chuno, naye ametoka ng'ambo, mrefu, hana haraka. Pale kwenye ujenzi alikuwa kibarua wa uzio na vibao.

"Nani kaleta kitu hiki hapa?" msimamizi akauliza. Watu wakaangalia viatu vyao. "Raimundo! Vibao ni kazi ya nani?"

"Ni kazi yangu, bwana."

"Basi nani kakihamisha?"

Raimundo akakitazama kibao kwa muda, kama anakipima. "Kile kibao, bwana, mtu mmoja hawezi kukibeba."

"Kwa hiyo kilitembea chenyewe?"

"Labda kilikuwa kinawahi basi!" mtu mmoja akapiga kelele kutoka nyuma, watu wakaangua kicheko. Msimamizi hakucheka. Akasema, "Raimundo, kesho usije kazini."

Kicheko kikakatika. Hapo Bi Rukiyabai akatoka nyuma ya kaunta mpaka barazani. Mimi sikuwahi kumuona anavuka ile kaunta mbele ya watu.

"Bwana, nyumba hii ya nani?"

"Yako, mama."

"Mwenye nyumba amekuja kwako kulalamika?"

"Hajaja."

"Sasa huyu unamfukuza kwa malalamiko ya nani?" Msimamizi akafungua mdomo, lakini Bi Rukiyabai hakumpa nafasi. "Wewe umeshaizunguka njia yako kwa miguu, na mzigo? Bado. Basi ingia upite yangu. Ila viatu, bwana."

Alikuwa amevaa buti za kamba ndefu. Alizifungua barazani, moja baada ya nyingine, na foleni ya abiria nyuma yake inasubiri kwa adabu isiyo ya kawaida. Akaingia na soksi zake. Mimi nilimfuata, sikuweza kujizuia. Aliangalia saa yake alipoanza na alipotokea stendi. Alisimama pale mchangani kitambo, buti mkononi kama sisi wote, na yule utingo wa Newala akageuka haraka akajifanya anafunga mizigo. Halafu msimamizi akavaa buti zake, akarudi kwa kuzunguka maghala, kwa ile njia ya mshale wake wa zamani. Alipofika tena barazani jasho lilikuwa linamtoka.

"Raimundo," akasema, "nenda kazini."

Kibao hakikuondolewa. Na stendi ilipokwisha, mwaka sabini, nguzo moja ya reli iling'olewa kwenye uchochoro, pakawekwa kijigeti cha watu wa miguu ambacho hakikuwemo kwenye mchoro. Uchochoro ukafunguka, watu wakarudi kupita mbele ya duka, na Bi Rukiyabai akafunga mlango wake wa nyuma. Idi ilishapita zamani, na Dar es Salaam hakwenda. Wengine mpaka leo wanapiga hodi wakipita getini, kwa utani. Raimundo akabaki na jina la Raimundo Kibao, maana mji mzima uliamini ni yeye. Hakukataa wala hakukubali. Nilichokuwa nakiona mimi ni kwamba kila asubuhi akipita anakuta chai na chapati mbili barazani, na halipi.

Mwaka huu nimeanza kidato cha kwanza, nakaa bweni. Nilipokuja likizo ya mwezi wa sita nilishuka stendi, nikapita kijigeti, nikaingia dukani na sanduku langu. Bi Rukiyabai amezeeka kidogo, miwani imekuwa minene. Alinirekebisha neno kabla hata sijamaliza kumsalimia. Nikatupa macho kwenye rafu nyuma yake, ile ya sabuni. Ubao wake ni mnene, rangi imechakaa, lakini kati ya mche na mche wa sabuni herufi zinasomeka: PITENI HU.

Nikamwambia, "Bibi, niliwahi kukuuliza swali nikiwa mdogo. Hukunijibu."

"Nakumbuka. Ulikuwa umeshika kandambili."

"Nani alikiweka mlangoni?"

Aliangalia mlangoni kwanza kama kuna mtu. Hapakuwa na mtu. Akavua miwani, akaifuta kwa mtandio, akaivaa tena.

"Mimi," akasema. "Ijumaa, mafundi walipokwenda kuswali. Niliwaona Jumamosi ile mlivyolikosa basi, mama yako na tenga, wewe unakimbia nyuma. Wiki nzima nikawa naangalia mlango wangu wa mbele, naangalia wa nyuma. Lakini ningesema nini? Nisimame barabarani niite watu waingie jikoni kwangu? Wangesema Rukiyabai amechanganyikiwa. Kibao kikisema, mtu anafuata." Akachukua kitambaa akaanza kufuta kaunta. "Raimundo hakwenda kuswali, yeye ni wa kanisani. Alikuwa amekaa hapo kivulini. Nikamwita. Upande mmoja nilishika mimi, upande mmoja alishika yeye. Hakumdanganya yule bwana, mwanangu. Kile kibao, mtu mmoja hawezi."