Msusi Aliyezaa Kimya

Saluni yangu ina viti vinne, na cha dirishani ni cha Pole. Si jina lake la kuzaliwa. Tulimpa sisi, kwa sababu alikuwa hamalizi msuko mmoja bila kumpa mteja pole yake. Vidole vyake havikuwa vya kubembeleza, akikusuka umesukwa, ila alikuwa na kanuni moja ambayo kila mteja aliijua: kulia ruksa, kutikisa kichwa marufuku. Waliomtisha ni wale wanaojikaza kisabuni. Akimpata wa namna hiyo, alisimamisha chanuo hewani.

"Dada, sema kama inauma. Ukinyamaza mimi nitajuaje? Nywele za mbele zikishang'oka hazirudi."

Naeleza haya mapema ili asitokee mtu wa kusema alikuwa mjinga. Hakuwa mjinga. Alikuwa mkwe wa watu.

Mimba yake ya kwanza ilipokua, daktari alimweleza habari za ganzi inayochomwa mgongoni. Uchungu unapungua, akili inabaki. Tena anayechomwa anawekwa chumba cha peke yake, anafungwa mkanda wa mashine inayosoma mapigo ya mtoto muda wote, na mkunga habanduki pale. Mumewe ni fundi wa majokofu, na bima ya kazini kwake ilikuwa inalipia kila kitu. Pole alirudi saluni anacheka.

"Mimi nachomwa," akasema. "Kutwa nzima naumiza watu, maumivu nayajua. Sina wa kumwonyesha ushujaa."

Saluni ikalipuka. Mmoja akasema atazaa mtoto mvivu. Mama mmoja aliyekuwa chini ya mashine ya kukaushia akapaza sauti kuwashinda wote: "Mume wangu aking'olewa jino anapigwa ganzi mara mbili, na bado mkono namshika mimi! Chomwa, mwanangu!"

Habari zikamfikia mama mkwe. Huyu alistaafu ualimu lakini hakustaafu kufokea watu. Alizaa watoto sita, na kwa maelezo yake mwenyewe hakuna hata mmoja aliyemtoa sauti. Mashahidi wote wameshakufa. Alikuja hapa saluni, akakaa kwenye benchi la wateja, akasema mbele ya kila mtu.

"Nasikia unataka kuzaa umelala."

"Silali, mama. Ni ganzi tu."

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wewe utaujulia wapi, na mgongo umekufa? Mke wa mwanangu mkubwa alizaa mapacha kimya, mpaka nesi akamuuliza kama yupo hai. Kuchomwa na kupiga kelele kwangu ni mamoja. Vyote aibu."

Wateja wakacheka. Watu hucheka hovyo wakiwa wamekaa. Pole akaitikia, "Sawa, mama," macho chini, akaendelea kugawa nywele.

Alipoondoka nilimwambia Pole kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kwamba mgongo ni wake. Akaahidi kuongea na mumewe. Kesho yake nikamuuliza yule bwana kasemaje.

"Amesema uamuzi ni wangu. Ila nisimuudhi mama."

Mwanaume huyo anatengeneza majokofu, na mengi yana moyo kumshinda. Hata hivyo Pole alishikilia neno lake. Atachomwa, alisema, na mama mkwe atazoea.

Uchungu ulimshika asubuhi hapa hapa kazini, kichwa cha mteja kikiwa nusu. Nikampakia kwenye teksi, mteja nikamwacha na kitana mkononi. Tulipofika hospitali mume yupo, na mama mkwe yupo, amebeba beseni na taulo. Mkunga wa mapokezi alikuwa mtu mzuri, aliuliza kwa upole.

"Daktari ameniambia unataka ganzi ya mgongo. Nimwite mtaalamu aje?"

Pole akamtazama mumewe. Mumewe akatazama feni ya darini kama vile kaitwa kuitengeneza. Mama mkwe alikunja mikono.

"Hapana," Pole akasema. "Sihitaji."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika."

Mama mkwe akamshika bega. Katika miaka yote niliyowajua, sikuwahi kumwona akimgusa kwa mapenzi. "Huyo ndiye mkwe wangu," akasema, na Pole akatabasamu, jasho likimtiririka. Nilitaka kumzaba mmoja wao kofi, na mpaka leo sijui ni yupi.

Aliruhusiwa kuingia na mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa mama mkwe, si mimi. Yaliyobaki nimeyapata kwa Pole mwenyewe, na kwa mwanamke aliyelala kitanda cha jirani, ambaye siku hizi ni mteja wetu. Chumba kilikuwa na vitanda sita na mkunga mmoja. Huyo jirani hakujificha. Alimtukana mumewe, akatukana ukoo wa mumewe, akalaani na siku waliyofahamiana, na kila alipopiga yowe mkunga alimkimbilia. Pole alikuwa anatafuna pembe ya taulo.

Kisha maumivu yakabadilika. Mwanzo yalikuwa yanakuja na kuondoka. Sasa yalikuja yakakaa, na tumbo likawa gumu kama ubao.

"Mama, haiko sawa," akanong'ona. "Muite nesi."

"Haiko sawa kwa wote. Jikaze, umebakiza kidogo. Usiniharibie."

Mkunga akapita mbio, mikono imejaa. "Hapo vipi?"

"Huyu yuko shwari," mama mkwe akajibu. "Hodari huyu. Mhudumie huyo mpiga kelele."

Mkunga akamshukuru. Naam, alimshukuru. Pole alifungua mdomo, mama mkwe akalirudisha taulo mdomoni taratibu, na Pole akauma. Mkunga alipopata nafasi ya kumjia, aliweka kifaa cha kusikilizia mapigo tumboni. Akakihamisha. Akakihamisha tena, akauliza tumbo limekuwa hivi tangu lini, na hapakuwa na wa kumjibu. Ndipo yeye akapiga kelele za kuita daktari.

Mtoto alikuwa wa kiume, mkubwa, ametimia. Hakuwa hai. Kuhusu yeye Pole ameniambia jambo moja tu: alikuwa na nywele nyingi, nyeusi, zimelala vizuri, za kusukika.

Daktari alieleza kwamba kondo la nyuma lilibanduka kabla ya wakati wake. Mashine ingeonyesha mapigo yakishuka, lakini hakuna mwenye uhakika kama mtoto angewahiwa. Yeye hana uhakika. Mimi ninao.

Nilimkuta mama mkwe ukumbini anaongea kwenye simu, machozi yanamtoka kweli kweli, sitamsingizia. "Mtoto hatukujaliwa," alikuwa anasema. "Lakini mkwe wangu, jamani! Hata ah! Hata ah hakusema!"

Msibani Pole alikaa ukutani, macho makavu. Wanawake wakamzunguka. "Lia, mwanangu. Lia, utoe." Mama mkwe ndiye aliyemsihi kuliko wote, akimsugua mgongo ule ule aliouokoa na sindano. Pole hakulia. Mwishowe walinuna, wakaanza kunong'onezana kwamba ana roho ngumu.

Alirudi kazini. Misuko ikawa mizuri kuliko zamani, lakini zile pole ziliisha. Wateja waliendelea kumwita jina hilo kwa mazoea.

Mwaka huu mama mkwe anamwoza binti yake wa mwisho. Akaja kusukwa, akapita viti vitatu vitupu, akaenda kuketi dirishani. "Nisuke vizuri, mwanangu, niwe mama wa bibi harusi." Pole akamfunga kitambaa shingoni, akagawa nywele, akaanza mbele, kwenye zile nyembamba za paji. Alivuta. Akavuta zaidi. Nikaona nyusi za mama mkwe zinapanda, ngozi inang'aa, vidole vimeshika mikono ya kiti. Nilikuwa na uwezo wa kusema kitu. Nilikaa nikatazama. Machozi yakaanza kumshuka yule mama, midomo ameibana, na Pole akashika msuko mwingine, akakaza.

"Aaah! Unaniua!"

Saluni yote ikageuka. Pole akatoa vidole, akauachia msuko wa kwanza, na wa pili, mpaka yote. Akamtazama kwenye kioo.

"Pole, mama," akasema. "Umefanya vizuri kusema. Ungenyamaza, mimi ningejuaje?"

Akaanza upya, taratibu, na kila msuko alimuuliza kama unauma. Mama mkwe alikuwa analia kwa sauti sasa, mabega yanatikisika, na humu ndani hakuna aliyemwambia anyamaze.