Jina Moja, Nyumba Mbili

Swali lililoninyima usingizi wiki ile lilikuwa fupi: tukibofya kitufe cha kuhifadhi, maandishi yanakwenda wapi? Dirisha dogo lilikuwa likitokea katikati ya skrini na kusema "Imehifadhiwa". Lakini neno hilo nililiandika mimi mwenyewe. Lingetokea hata kama maandishi yangekuwa yametumbukia kisimani.

Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka mmoja na miezi kadhaa nyuma. Shahada yangu ni ya kompyuta, ila chuoni kompyuta tuliisomea zaidi kwenye karatasi za mtihani, na sikuwahi kutengeneza hata dirisha moja ambalo mtu mwingine angeweza kulifungua na kulifunga. Hayo nilijifunza nyumbani Kisauni, upande wa Mwakirunge, kwa video fupi kwenye simu. Mwalimu wangu sikuwahi kumwona uso. Alikuwa sauti changamfu na mshale mweupe uliokwenda mbio. Dakika mbili, jinsi ya kuweka kitufe. Dakika tatu, jinsi ya kupanga visanduku vya maandishi visipandane. Nilisimamisha, nikanakili mstari, nikacheza tena. Kila video iliishia pale ambapo kitu kinafanya kazi na sauti inacheka. Sikuona hata moja iliyoishia kitu kikiwa kimekataa, na jambo hilo lilinitia wasiwasi. Lakini mimi hurudi jikoni mara tatu kuhakikisha nimeepua sufuria. Nilikuwa nimejizoeza kutojisikiliza.

Mwenye zahanati ya karibu na machimbo ya mawe, tabibu ambaye sote tunamwita daktari, alisikia kanisani kwamba nimesomea kompyuta. Akataka programu ya kumbukumbu za wagonjwa: jina, umri, maradhi, dawa alizopewa, na dawa asizopaswa kupewa kamwe. Nikamtengenezea. Ilipendeza, nakiri, kijani kibichi na vitufe vikubwa. Kwa wiki tatu mama wa mapokezi, aliyetunza kadi za pale tangu mimi sijaanza shule, alizinakili moja moja kwenye kompyuta. Kila kadi aliyomaliza ilitiwa kwenye gunia. Magunia yangepelekwa dampo Jumamosi yakachomwe. Jumatatu inayofuata daktari angekwenda likizo, na nafasi yake angeishika kijana mgeni kutoka bara, asiyemjua mgonjwa yeyote. Huyo angesoma skrini tu.

Mama wa mapokezi hakunipinga hata siku moja. Alikaa mbele ya mashine mikono mapajani, kama mtu aliyewekewa mbwa wa jirani. Jumatano nilikuwa chumba cha ndani nikifunga waya aliponiita.

"Binti!"

"Abee, mama."

"Njoo umtoe mtu wako humu. Huyu simtaki."

Nje ya dirisha la mapokezi alisimama mzee wa machimbo, vumbi jeupe hadi kwenye nyusi, kidole kimefungwa kitambaa chenye damu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Jina lake lilikuwa kwenye skrini. Chini yake paliandikwa umri mdogo kuliko uso ule, na malaria ya mwezi uliopita.

"Mwezi uliopita ulikuja na malaria?"

"Mimi? Huyo ni ndugu yangu."

"Ndugu yako anaitwa nani?"

Alinitazama kwa huruma. "Anaitwa mimi."

Mama wa mapokezi alicheka mpaka akashika meza. "Msomi wetu! Huyu wa nyumba kubwa, yule wa nyumba ndogo. Kwani wewe si wa hapa? Au ulizaliwa ndegeni?"

Mimi ni wa hapa, na hilo ndilo lililonichoma. Kwetu mtoto wa kiume wa kwanza wa kila nyumba hupewa jina la babu mzaa baba. Mwanamume akiwa na wake wawili, huwa na wana wawili wenye jina moja, na jina la pili ni lake yeye baba yao, basi nalo ni moja. Ndugu wawili wa baba yangu wako hivyo hivyo. Nimekua nikiwatofautisha kwa mama zao bila kuhitaji kufikiri. Lakini kwenye video mwalimu alikuwa na watu watatu wa mfano, wote majina mbalimbali. "Jina likiwa lipo tayari, tunaandika juu yake," alisema. "Kwa mfano wetu inatosha." Mshale ukaruka mbele, nami nikaufuata.

Daktari alimjua mzee kwa sura, akamshona, akamruhusu. Mimi nilibaki nikitazama kisanduku cha dawa za kuepuka. Kilikuwa kitupu.

"Mama, huyu wa nyumba kubwa ana dawa yoyote inayomdhuru?"

"Penisilini. Alidungwa zamani, koo likavimba, nusura tumzike." Alikuwa akifuta meza, hakuinua macho. "Si nimeiandika humo mwako? Ilisema imehifadhiwa."

Ilihifadhiwa, kweli. Siku mbili tatu baadaye alinakili kadi ya ndugu, programu ikaandika juu yake, na dirisha dogo likasema neno lile lile.

Nikaanza kuwafikiria wengine. Nyumba ngapi Mwakirunge zina majina pacha? Na kina dada, nao si hupewa majina ya bibi zao? Skrini haikuweza kunijibu, kwa sababu kilichofutwa hakikuacha hata nafasi wazi. Orodha ilionekana nzima, imepangwa vizuri, kijani kibichi.

Alhamisi nzima nilitafuta dawa kwenye video. Niliipata, dakika moja tu: mpe kila mtu namba yake. Nikaiweka, nikajaribu majina mawili yanayofanana, yakakaa kila moja mahali pake. "Mnaona ilivyo rahisi?" sauti ikasema. Ningeweza kuipeleka hivyo na kunyamaza. Hakuna aliyejua ila mimi. Mama wa mapokezi alidhani ni kichekesho cha wazee wawili. Lakini namba haziwezi kurudisha waliokwisha kufutwa. Hao walikuwa ndani ya magunia peke yake. Nilijiona nimekaa nyumbani Jumatatu, mzee anafika na jeraha lililooza, mgeni anasoma kisanduku kitupu na kuvuta sindano.

Ijumaa nilimkuta daktari akifungua mlango.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Umemaliza?"

"Nimeharibu."

Nilimweleza nikiwa nimesimama, nikirudia mambo kama kawaida yangu, mpaka akaniinulia mkono ninyamaze. Akatazama magunia yaliyopangwa ukutani.

"Sasa mgeni wangu atasoma nini?"

"Kadi."

"Na hiyo programu uliyotusifia?"

"Naiondoa. Nitaijenga upya na mama akiwa kando yangu, anieleze watu. Isipotimia mpaka urudi, basi."

Alivuta kiti akakaa kunitazama. Niliwasha kompyuta, nikaifuta programu mbele ya macho yake, kisha nikaenda ukutani na kukata kamba ya gunia la kwanza.