Faili Lililonianika Gulioni Kimamba

Jamani, kucheka mtacheka, ila msije Kimamba kuniulizia, maana hata leo nikipita gulioni nainamisha kichwa kama natafuta kiatu kilichopotea.

Mimi nina kibanda cha kuingizia watu nyimbo kwenye simu (darasa la saba langu na video za mtandaoni vimenitosha). Siku ya gulio akaja Bibi Tatu. Binti yake kajifungua kule Mikumi, mtoto hapati usingizi, na bibi miguu imevimba hawezi kusafiri, kwa hiyo anataka nimrekodi ule wimbo aliokuwa anambembelezea huyo binti utotoni, niurushe kwenye simu yake. Sasa bibi ana aibu huyo! Kila gulio anakuja, anashika maiki, anairudisha, "Siku nyingine, mjukuu wangu." Siku hiyo akaimba. Kafumba macho, akaimba mpaka mwisho, na mimi nikamkumbuka mama.

Uvivu wangu ndo ulioniponza. Asubuhi nilikuwa nimejirekodi mambo yangu binafsi, sikuyafuta, nikamuunganisha bibi kwenye rekodi ileile. Kubonyeza kusevu, programu ikaganda, ikajifunga yenyewe.

"Imeingia?" bibi akauliza.

"Imeingia bibi, ila... imejificha."

Sikudanganya sana. Niliwahi kuona kwamba programu ikifa ghafla, kompyuta inaweza kuyamwaga yote yaliyokuwa kwenye memori ndani ya faili moja kubwa, shida ni kujua inaliweka wapi. Nikatafuta kwenye desktopu, hamna, kwenye dokumenti, hamna, mwisho nikafunua mafolda yaliyofichwa, nikaingia lile lenye jina la mtumiaji, nikazama ndani zaidi, hilo hapo! Mwishoni limeandikwa dmp, zito kama gunia la mahindi. Nikalilazimisha kwenye programu ya sauti, nikalipiga.

Nikasahau spika. Lile kubwa la kuitia wateja, linaloangalia barabarani, halijazimwa toka asubuhi! Likatoa KRRRSHHHH, mbuzi wakakata kamba, mwenye baiskeli akaingia kwenye nyanya za watu, halafu katikati ya makelele, safi kabisa, sauti yangu: "Rehema, mimi si mtu wa maneno mengi, ila ukinipimia maharage moyo unapata joto." Na ikarudia, maana nilikuwa nafanya mazoezi (mara hii kwa sauti nzito).

Gulio zima likamgeukia Rehema, kasimama na kopo lake la maharage mkononi.

"Wewe Shabani!" akapaza sauti. "Si uje tu? Mpaka utangaze kama mkutano wa kijiji?"

Napapasa chini ya meza, waya wa spika siuoni. Ikafuata sauti ya bibi, neno moja, mawili, makelele tena, basi. Wimbo umechanikachanika. Hapo aibu yangu yote nikaisahau.

"Bibi, nisamehe. Umepotea."

Kajifunika khanga usoni, mabega yanatetemeka. Nikajua nimemliza mtu mzima. Kumbe anacheka!

"Mjukuu wangu, kama wewe hujafa kwa hayo, mimi naogopa nini? Lete maiki."

Nikainuka nikachomoe spika, akanishika mkono. "Liache, wasikie."

Akaimba. Hata wale waliokuwa wanagombania nyanya zilizopondeka waliziacha wakasogea kibandani.

Siku hizi nasevu mtu akivuta pumzi tu, na ya Rehema nimeapa nitayasema kwa mdomo wangu, bila maiki. Wimbo nikaurusha, na kule Mikumi walipiga simu jioni ya gulio lile: mtoto kalala, mama yake ndo hapati usingizi, anaurudia wimbo huku analia.