Aljebra Nyuma ya Korona

Harufu ya korona sijaisahau, na sitaki kumsikia mtu akiisifu. Wapo wazee wenzangu hapa Korogwe wanaoukumbuka mkonge wa enzi za Mwingereza kana kwamba ulikuwa harusi. Waongo wakubwa. Korona ni mashine inayosaga majani ya mkonge na kubakiza singa, yaani nyuzi zake. Takataka zake, maji ya kijani na nyama ya jani iliyosagika, zilitiririka kwenye mfereji nyuma ya kiwanda na kuozea papo hapo, zikinuka kama matapishi ya ng'ombe. Mzungu mwenye shamba alijenga nyumba yake upande upepo unakotoka. Kambi yetu ilijengwa upande unakokwenda.

Kando ya mfereji huo ndiko nilikojifunzia hesabu za sekondari.

Nilikuwa nimeishia darasa la sita, baba akafariki, nikaingia korona kulisha mashine majani tangu alfajiri. Mama yangu alifanya kazi kwenye banda la brashi, singa zinakosafishwa, na vumbi lake lilikuwa limeshamkaa kifuani. Alikohoa asubuhi hadi machozi yakamtoka. Kwao ni Handeni, na hamu yake ilikuwa moja tu, kurudi kule akapumue. Basi boma la Handeni, ofisi ya serikali ya wilaya, lilipotangaza kwamba linatafuta vijana wa kufundishwa upimaji wa ardhi, na kwamba hata asiyesoma sekondari angekubaliwa akifaulu mtihani wa hesabu za sekondari, nikaandika barua kuomba. Wakanijibu nije, wakanitajia tarehe.

Kitabu nilikinunua kwa Mhindi mmoja mwenye duka, ambaye mwanawe alikuwa amemaliza masomo Tanga. Kurasa za majibu zilikuwa zimechanwa. Kiingereza chake kilinitesa, lakini hesabu zenyewe ndizo zilizonitia kinyaa. Mtu anafungua mabomba mawili ajaze bafu, na kizibo amekiacha wazi. Je, bafu litajaa baada ya muda gani? Kambi nzima tulikuwa na bomba moja, mama zetu wanapigana vikumbo kwa debe la maji, halafu mimi nikae nimhesabie mpumbavu anayemwaga yake makusudi! Nilimtukana kwa Kizigua na kwa Kiswahili. Kisha nikamhesabia, maana ningefanyaje?

Muda niliokuwa nao ni robo tatu ya saa. Kila adhuhuri mashine ilisimamishwa visu vinolewe, na wenzangu wakajilaza kivulini. Mimi nilikwenda mferejini kwa sababu nyapara, msimamizi wetu, hakuiweza harufu ile, hivyo hapakuwa na wa kuniuliza kitabu ni cha nini. Karatasi sikuwa nayo. Niliandika kwenye majani ya mkonge kwa ule mwiba wa nchani. Ukikwaruza jani bichi, mstari unabaki na unasomeka vizuri, ila utomvu wake unawasha, na vidole vyangu vilivimba vikapasuka. Nzi wa mferejini walinitambaa midomoni nikitafuta eksi. Mashine ikianza kunguruma, milinganyo yangu yote naitumbukiza koronani pamoja na majani mengine. Hakuna mwalimu aliyewahi kuniona nikikosea.

Sasa nifike kwenye ujinga wangu, ambao hata leo unanichefua kuliko mfereji wenyewe.

Barua ya boma ilipofika, nilihesabu siku zilizobaki: tisini. Nikafurahi, maana ni vipande vitatu kamili. Kipande ni kadi yenye vyumba thelathini. Kila siku uliyofanya kazi unatiwa alama, na vyumba vikijaa ndipo unalipwa. Kalenda kambini haikuwapo. Kila jambo tulilipima kwa kipande, hata umri wa watoto wachanga. Nikagawa kitabu changu vivyo hivyo, alama moja zoezi moja, na barua nikamkabidhi mama aifungie sandukuni. Sikuitazama tena.

Alama ya themanini na nane ilipoingia, nikaoga mara tatu kuondoa harufu na kesho yake nikapanda lori la mahindi. Asubuhi iliyofuata nilikuwa barazani pa boma la Handeni nimevaa shati la marehemu baba.

"Shikamoo, mzee," nilimwambia karani. "Nimekuja kwenye mtihani wa upimaji."

"Marahaba. Mtihani umekwisha, kijana. Leo wiki mbili."

Nikambishia, tena kwa sauti kubwa. Nikamtolea kipande changu cha tatu: tazama, alama themanini na nane kwa jumla, jana njiani, leo ndiyo ya tisini!

Akakigeuza kile kipande, akakitazama mbele na nyuma. "Na Jumapili umeziweka wapi?"

Zilikuwa kumi na nne. Jumapili korona haifanyi kazi, kwa hiyo hakuna alama, kwa hiyo kwangu mimi haikuwa siku. Nilijua kutafuta eneo la pembetatu ya kila namna, nikashindwa kuhesabu hadi tisini. Nilitamani kujitemea mate.

Karani alinihurumia. Alinipa karatasi moja ya mtihani iliyobaki na penseli, nikakaa barazani nikafanya maswali yote. Alipoyapitia akavua miwani.

"Umepata yote," alisema. Kisha akaichana, kwa kuwa haikuruhusiwa kutoka ofisini. Waliofaulu walikuwa wameshaondoka, na habari ya mtihani mwingine hakuwa nayo.

Nilirudi Korogwe kesho yake mchana. Mama alinipokea mlangoni, hata shikamoo yangu hakuingoja.

"Umepata?"

"Nimepata yote, mama."

Sikudanganya, na sijawahi kutamka maneno machafu kuliko yale. Mama akapiga vigelegele, kikohozi kikamkatiza, akaanza upya. Majirani wakajaa. Nikakaa katikati yao nikila ubwabwa walionipikia.

Jumatatu king'ora kilipolia nikavaa nguo zangu za korona. Mama alikuwa ameketi mlangoni, amevaa kanga safi, sufuria na mkeka amevifunga mzigo mmoja. Alikuwa ameshamuaga nyapara wa brashi kwamba anaacha kazi.

"Nguo hizo za nini tena, mwanangu?"

Nikamweleza zile Jumapili, moja baada ya nyingine, nimesimama. Hakunigombeza, ingawa ningependa anigombeze. Aliufungua mzigo, akarudisha sufuria mahali pake, akajifunga kitambaa cha kuziba pua, akatangulia brashi.