Mruko wa Mfalme

Wewe unayenisikiliza, usiogope kama hujui sataranji, yaani chesi. Nitakueleza polepole.

Miaka ya hamsini, wakati wa hali ya hatari, nilishona nguo kwenye veranda ya duka la Singasinga mmoja pale Thika. Yeye ndiye aliyekuwa bingwa wetu hadi Ruiru. Wengine walishambulia mapema. Yeye alisogeza askari wake hatua moja moja, akangoja mwenzake achoke na kukosea. Tukifunga kazi alinifundisha.

"Fundi, haraka ya nini? Farasi yako nasikia njaa?"

"Mzee, ukichelewa hivi, kafyu itatukuta hapa."

Babake Mzee alimfundisha kwa sheria za kwao Punjab. Mfalme, ambaye huenda hatua moja tu, kwao aliruhusiwa kuruka kama farasi, miraba miwili mbele na mmoja kando, mara moja katika mchezo mzima. Mzee aliuweka mruko huo akiba, akautumia pale ulipodhani umemnasa. Nchi yao ilipogawanywa mwaka 1947, babake alipotea njiani akihama. Dukani ilibaki picha yake, na chini yake rafu tupu.

"Hapa natia kombe ya Kenya," aliniambia.

Lakini mashindano ya kombe hilo yalikataza mruko. Kwa miezi tulifanya mazoezi ili ausahau. Mfalme wake akiruka, nilimgonga vidole kwa rula yangu ya kupimia nguo.

"Wewe fundi ama polisi?" alilalamika, tukacheka.

Fainali ilichezwa Ruiru. Nikapata kibali cha kusafiri, nikaenda. Alicheza vizuri ajabu, akabakiza kidogo tu ashinde. Mpinzani akamtishia mfalme. Bila kufikiri, Mzee akamwinua, akamrusha kama farasi.

Mwamuzi akamrudisha mfalme. Lakini kipande ukikigusa, lazima ukicheze, na mraba pekee alioweza kwenda ulimpeleka mtegoni. Mzee akashindwa.

Njiani kurudi alitazama mkono wake.

"Fundi, hii mkono bado ya baba."

Hakuingia mashindano tena, na rafu ilibaki tupu hadi alipofariki.

Leo ukipanga vipande na rafiki, mkubaliane kwanza: kila mfalme ana mruko mmoja wa farasi, kabla hajatishiwa au baadaye. Uweke akiba. Ukibanwa kabisa, mwinue mfalme, uruke.