Nyota za Mabaki ya Vitenge

Harufu ya wanga chini ya pasi ya moto hunirudisha Yeoville, mtaa wetu wa ugenini, kwenye chumba ambamo mama aliwashonea watu nguo.

Mwaka mmoja, Krismasi ikikaribia, alimwaga mfuko wa mabaki ya vitenge mezani. Alivichovya vipande kwenye uji wa wanga, akavipiga pasi mpaka vikawa vigumu kama kadi, kisha akakata nyota kwa ule mkasi wake mkubwa, bila kuchora mstari. Mpaka leo sijaona mkono kama ule. Kila jirani alifungiwa mandazi kwenye karatasi, na juu yake ikafungwa nyota ya kitambaa alichoshonewa mwaka ule. Mama hakuandika jina hata moja. Walipoingia, kila mmoja alinyoosha mkono kwenye kitambaa chake.

"Eish, mama, mpaka gauni yangu ya harusi unaikumbuka," alisema dada wa saluni ya chini.

Mimi nilitafuta yangu nikijua haipo, maana mwaka ule hakunishonea kitu. Mezani ikabaki nyota moja, imepauka, sikuitambua.

"Mwenye hii bado hajakuja," nikasema.

"Ni yako," mama akajibu. "Ni ile kikwembe nilikubeba nayo mugongo, siku tulikuya huku."

Nikamtazama. Kitenge chenyewe alikuwa amejifunga kiunoni, na karibu na pindo palikuwa na tundu lenye umbo la nyota.