Mama Shuka na Kichaka Kisichozaa

Mama mkwe wangu alikuwa dobi wa hospitali, na kazini walimwita Mama Shuka. Mikono yake ilinukia sabuni ya unga hata siku za mapumziko. Alikuwa pia na tabia ya kushika ncha ya kitambaa chochote kilichokuwa mbele yake, liwe pazia la wenyewe au gauni la bibi harusi, akakisugua kwa vidole viwili apime kimefuliwa vipi. Nilipoolewa na mwanawe mkubwa nikahamia chumba cha mbele cha nyumba yao, kitu cha kwanza alichonionyesha hakikuwa jiko wala bafu. Kilikuwa kijiti.

"Huyu ni wifi yako," aliniambia. "Ukitaka tuelewane, usimmwagie maji ya sabuni."

Kilisimama uani, kwenye beseni la bati lililotoboka, mahali ambapo jua la asubuhi lilifika na la mchana lilizuiwa na ukuta. Kimo chake kilinifika kiunoni. Majani yalikuwa machache, ya kijani kizito, yanang'aa kama yamepakwa mafuta ya nazi. Nilidhani ananitania, nikacheka. Yeye hakucheka.

Aliyekileta ni baba mkwe. Alikuwa dereva wa greda katika kampuni ya barabara, mtu mpole ambaye maneno yake ya siku nzima ungeweza kuyatia mfukoni na bado mfuko usijae. Walikuwa wakikata kilima ili barabara ipite. Mbele ya greda akaona kichaka kimetoa maua meupe kwenye shina lenyewe, si kwenye ncha za matawi kama mimea mingine, kana kwamba mtu kayabandika kwa gundi. Akazima mashine. Msimamizi akamfokea kwa mbali, naye akashuka hivyo hivyo, akang'oa mche mdogo uliokuwa kando ya kile kikubwa, akaufunga na udongo wake ndani ya shati la kazi. Jioni akaingia nyumbani kifua wazi.

"Nimekuletea ua," akamwambia mkewe.

Mama Shuka akatazama kitu kile kilichonyauka. "Ua liko wapi?"

"Litakuja."

Halikuja. Watoto walizaliwa, wakaanza shule, wakamaliza, na kijiti kiko pale pale. Kilikuwa kinatoa jani moja na kudondosha jingine, kama mtu anayelipa kwa mkono huu na kudai kwa ule. Majirani walipata cha kusema. Jirani wa ukuta wa pili, mwanamke mcheshi asiyebakiza neno, kila alipomkuta akimwagilia alimuuliza, "Shoga, hiyo fimbo bado hujaivisha nguo?" Wengine wakimwambia subira huvuta heri, jirani alidakia, "Ya huyu imeshakatika kamba."

Mama Shuka aliendelea kumwagilia. Alikuwa na namna yake ya kutunza. Maji alimpa ya mvua pale yalipopatikana. Majani yaliyoanguka aliyarudisha kwenye beseni yaozee humo. Wadudu weupe waliojificha chini ya majani aliwafuta kwa kitambaa chenye maji, jani moja moja, kama anayemfuta mtoto kamasi. Nilimuuliza siku moja kwa nini anajisumbua hivyo kwa kitu kisicho na faida.

"Kimeletwa nyumbani kwangu," alisema. "Mgeni akiwa kimya, utamnyima chakula?"

Mwaka wangu wa tatu pale, mvua za kwanza zilipokatika, tuliamka tukakuta uwanja unanukia. Harufu ilikuwa kama ndimu iliyokatwa karibu na maziwa ya moto. Mama Shuka alitoka na kanga ya kulalia, akasimama mbele ya beseni. Kwenye shina, chini kabisa karibu na udongo, yalikuwa yametokeza maua meupe, mazito, yenye koo la zambarau. Akamwita mumewe. Baba mkwe akaja na mswaki mdomoni, akatazama, akautoa.

"Si nilikwambia," alisema.

Mama Shuka akachuma ua moja, akalichomeka kwenye kilemba chake, akaenda nalo kazini. Na hapo ndipo mambo yalipoanza.

Siku hiyo alipita wodi ya mifupa kukusanya shuka. Kitanda cha dirishani alilala mama mmoja mwenye mguu uliofungwa plasta hadi pajani. Mama Shuka alipoinama kuchomoa shuka, mgonjwa akamshika mkono.

"Mama, samahani. Hilo ua kichwani umelitoa wapi?"

"Nyumbani kwangu."

"Usinitanie."

"Dada, mimi na wewe hatujafikia kutaniana. Inua mguu nitoe shuka."

Mgonjwa yule alikuwa mtaalamu wa bustani ya mimea ya mji. Mguu wenyewe aliuvunja akitafuta vichaka kama kile kwenye mteremko wa mawe. Alimweleza Mama Shuka, huku shuka ikiwa nusu kitandani nusu mkononi, kwamba mmea ule hauonekani ila kwenye vilima vichache sana, na kwamba kilima kilichokuwa na mingi kuliko vyote kilikatwa zamani kupisha barabara. Mama Shuka hakusema ni nani aliyekuwa akiendesha greda. Alisema tu, "Ukipona, njoo umwone."

Hakusubiri kupona. Alikuja na magongo, akasaidiwa kuketi kwenye kigoda mbele ya beseni, akatazama shina hadi chai yake ikapoa. Sisi tukamwita Daktari wa Majani, na jina likamganda.

"Amewahi kuzaa tunda?" aliuliza.

"Hata moja. Ametoa maua mwaka huu, basi."

"Na hatazaa. Mmea huu haujioi wenyewe. Chavua yake haishiki kwenye ua lake. Lazima itoke kwa mwenzake."

"Kumbe anataka mchumba," alisema Mama Shuka.

"Ndiyo. Na mchumba ninaye mmoja tu, bustanini, wa kilima kingine. Ila ni mgonjwa. Mti mkubwa uliokuwa ukimpa kivuli ulianguka na upepo, na sina mtu wa kukaa naye."

Tangu wiki hiyo, siku za mapumziko Mama Shuka alizimalizia bustanini. Hospitali ilikuwa ikitupa shuka zilizochakaa. Aliomba akapewa, akazishona pamoja, wakasimamisha nguzo na kumtengenezea mchumba banda la kivuli. Wageni wa bustani walishangaa kuona mmea umelazwa chini ya shuka zenye mhuri wa wodi ya wazazi. Daktari wa Majani alimfundisha kukata, kufunga, kusoma rangi ya jani. Mama Shuka naye alileta kile alichokuwa nacho, mkono wa kila siku. Walikuwa wakibishana kama ndugu wa tumbo moja na kunywa chai kwenye chupa moja.

Kisha tukapata pigo. Nyumba yetu ilikuwa inapakwa chokaa, na mpaka rangi, kijana wa watu aliyechoka na jua, alisuuza ndoo zake kwenye beseni lile akidhani ni la kumwagia uchafu. Alizisuuza zote, ndoo baada ya ndoo. Mama Shuka alirudi kutoka kazini akakuta udongo mweupe. Tulichota, tukasafisha, tukabadilisha udongo. Baada ya siku chache majani yakaanza kuwa manjano, yakaanguka yote.

Hakumfokea mpaka rangi. Alimwambia, "Hukujua," akaingia ndani. Chakula cha jioni hakugusa. Mimi niliyekuwa nimemwona akimzika dada yake bila kutetereka, nilimwona ameketi ukingoni mwa kitanda, anakunja na kukunjua taulo lile lile.

Daktari wa Majani alikuja mbio, safari hii bila magongo. Alikwangua gome kwa ukucha. Matawi ya juu yalikuwa bado mabichi kwa ndani.

"Mzizi umekwisha," alisema. "Tukate vipandikizi leo hii. Lakini vinahitaji joto na unyevu, usiku na mchana, na nyumba yangu ya vioo imetoboka paa."

Mama Shuka aliinua kichwa. "Joto na unyevu? Mimi nafanya kazi ndani ya joto na unyevu."

Chumba cha kufulia hakikufaa. Muuguzi mkuu alikataa udongo karibu na shuka safi, na Mama Shuka mwenyewe alikubali kuwa ana haki. Ikabaki chumba cha boila, nyuma ya jengo, ambako mvuke wa kufulia ulitengenezwa. Mwenye chumba hicho alikuwa fundi wa boila, mzee mkavu aliyeitwa Bwana Moshi, asiyependa mtu avuke mlango wake.

"Mimi ni fundi wa mvuke," alisema alipoona trei ya vijiti. "Si mkulima."

"Na wao si mazao. Ni wagonjwa. Hii si hospitali?"

Bwana Moshi akaipokea trei. Akasogeza kopo la grisi, akaacha nafasi kwenye rafu karibu na bomba la moto, mahali palipokuwa pakivuja mvuke kidogo ambapo kwa miaka mingi aliahidi kupaziba. Hakupaziba tena.

Vingi vilioza. Kila asubuhi Mama Shuka alipita kabla ya zamu akatoa kilichokufa. Mti wenyewe uani ulikauka kabisa. Siku ulipokauka, baba mkwe aliung'oa bila kuambiwa, akaosha beseni, akalifunika kifudifudi karibu na mlango, akaenda kuketi na mkewe. Waliketi hapo hadi giza lilipoingia.

Siku moja simu ya kufulia ililia. Alikuwa Bwana Moshi, ambaye hakuwahi kupiga simu ile ila kulalamika.

"Njoo uone," alisema. "Mmoja ana jani."

Vilipona vitatu. Mama Shuka alipokwenda kuvichukua avipeleke bustanini, alimkuta Bwana Moshi anaviambia polepole kwamba huko waendako kuna baridi, wasiogope. Alipogundua kasikika akageuka kugonga bomba kwa spana, bomba ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Vipandikizi vya tawi lililokomaa havikawii kutoa maua kama mche wa mbegu. Msimu wa pili wa mvua bustanini, kimoja kikatoa. Na chini ya banda la shuka, mchumba naye, kwa mara ya kwanza tangu apoteze kivuli chake, akatoa maua wiki hiyo hiyo. Daktari wa Majani alinipigia mimi, kwa kuwa Mama Shuka hakuwa na simu yake mwenyewe.

"Lete mamako. Na mlete brashi laini, ndogo kabisa."

Tuliyokuwa nayo ilikuwa brashi yangu ya nyusi. Mama Shuka aliiosha mara mbili, akaikausha kwa pasi ya mbali. Jua likiwa limeinama, maua yakiwa yamefunguka vizuri, aligusa chavua ya huyu akaipaka koo la yule, kisha akarudi kwa huyu. Mkono wake, uliozoea kukamua mablanketi, uliishika brashi kwa ncha za vidole.

"Hatuna hata mashahidi wa ndoa," alisema Daktari wa Majani.

"Mimi ni shahidi," alijibu Mama Shuka. "Na mkwe wangu ni wa pili."

Maua mengi yalianguka. Moja likabaki, likavimba, likawa tunda la kijani gumu la ukubwa wa ndimu. Mama Shuka alilishonea mfuko wa kitambaa popo wasilifikie, wenye kamba na pindo la mkono, nadhifu kuliko foronya za wodi ya kulipia. Lilichukua karibu mwaka kuiva. Walipolipasua, mbegu zilikuwa bapa, za kahawia, zimelala kwenye nyama laini kama vifungo kwenye kisanduku cha fundi cherehani. Daktari wa Majani alilia. Mama Shuka alimpa ncha ya kanga yake afute uso, kisha akaisugua kwa vidole kuona kama chozi limeacha doa.

Siku hizi amestaafu. Asubuhi nyingi yuko bustanini kwenye kitalu, na wanafunzi wanaoletwa kujifunza humkuta ameinama kwenye miche, anafuta majani. Miche ni mingi sasa, na mingine imekwisha pelekwa kwenye vilima vingine ambavyo mimi sivijui. Si yote iliyoishi. Hilo hulisema wazi kwa yeyote anayemuuliza.

Mwezi uliopita mche wa kwanza uliotokana na mbegu zile ulichanua. Aliniita nikaone, tukasimama watu wanne, baba mkwe na Daktari wa Majani wakiwemo, tukitazama shina. Ua lilikuwa jeupe kama la wazazi wake, lakini koo halikuwa la zambarau. Lilikuwa jekundu lililokolea, rangi ambayo Daktari wa Majani alisema hajapata kuiona, akaanza kupekua mkoba akitafuta kamera.

Mama Shuka aliinama akanusa.

"Huyu kajifanyia yake," alisema, akaenda kuchota maji.